Huyo Anayepindua Ndege Angani Si Kichaa

(Maneno niliyoongea na wanafunzi wa sekondari hapa Voi siku ya kuelezwa kazi mbalimbali. Nimeyaandika karibu vile yalivyotoka mdomoni.)

Mwalimu mkuu, walimu, wazazi mliopata nafasi ya kuja, na nyinyi vijana wenyewe, hamjambo? Asanteni sana kwa kunikaribisha nyumbani. Mimi ni fundi wa ndege, kazi yangu ni pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na nimeambiwa niwaeleze kazi za anga. Sasa ndege za abiria mnazijua, zinapita hapa juu kila siku, mtu anaingia anakaa anapewa soda anashuka. Leo mimi nataka tuongee juu ya wale marubani wa sarakasi, wale wanaogeuza ndege tumbo juu mgongo chini, wanaipandisha wima mpaka inaishiwa na mwendo, wanaiachilia ianguke ikizunguka halafu wanaikamata tena. Nimechagua hao kwa sababu kila nikimwonyesha mtu video kwenye simu jibu ni lile lile, ah, huyo ni kichaa, huyo amechoka kuishi. Jamani si kichaa. Na hii habari inatuhusu sisi watu wa Voi kuliko mnavyodhani, nipeni muda tu tutafika.

Tuanze na luupu, yaani ndege inapiga duara zima kama gurudumu lililosimama. Nani hapa hajawahi kuzungusha ndoo ya maji kwa mkono mpaka ipite juu ya kichwa na maji yasimwagike? Basi rubani ndiye yale maji. Akiwa juu kabisa kichwa kinaangalia ardhi lakini anabaki amekalia kiti chake vizuri, mradi duara limeenda sawa na mwendo unatosha. Leo tunaongea kirahisi, lakini zamani hakuna aliyeamini. Kulikuwa na afisa wa jeshi la Urusi, Pyotr Nesterov, alikuwa anawaambia wenzake hesabu zinaonyesha inawezekana, wenzake wanamcheka. Tarehe 9 Septemba 1913, huko Kiev, akapanda na ndege aina ya Nieuport yenye injini ya nguvu za farasi 70 tu, akaishusha ipate kasi, akaivuta juu, akamaliza duara, akatua. Zawadi yake ikawa nini? Kifungo cha siku 10, eti amehatarisha mali ya serikali! Baadaye mambo yakageuka wakampandisha cheo, maana mwezi huo huo Mfaransa Adolphe Pégoud alipiga luupu yake dunia nzima ikashangilia, na Warusi wakakumbuka kumbe sisi tunaye wetu aliyetangulia.

Huyo Pégoud nampenda kwa jambo moja. Kabla hajaruka kichwa chini, walichukua ndege wakaipindua juu ya vigogo ndani ya karakana, wakamfunga humo ndani akining'inia, damu imemjaa kichwani, ili azoee, mikono yake ijue stiki, ile fimbo ya kuongozea ndege, iko wapi na macho yake yajue dunia inaonekanaje ukiiangalia kutoka upande huo. Watu walipomwona angani tarehe 1 Septemba 1913 akiruka kichwa chini walisema huyu hana woga. Mimi nasema huyu alikuwa ameshamaliza woga wake huko karakanani, mbele ya mafundi, ambako hakuna mtu wa kupiga makofi.

Sasa niwaonyeshe kitu ambacho kwenye video hamkioni. Rubani wa sarakasi kabla hajapanda anasimama pembeni ya ndege anatoa kila kitu mfukoni. Funguo, sarafu, kalamu, simu, hata karatasi ya peremende, vyote vinabaki chini. Halafu anainama anaangalia sakafu ya ndani kwa tochi, anapitisha mkono chini ya kiti, ndipo anaingia anajifunga mikanda, si mkanda wa basi huu, ni mikanda ya mabegani na kiunoni na wa kati ya miguu, anaivuta mpaka inauma, halafu anaivuta tena kwa sababu akipinduka tu ile iliyokuwa inauma inalegea. Niliwahi kupelekwa juu na rubani mmoja ili nisikilize injini inavyolia ikiwa imepinduliwa, na ile sekunde tulipogeuka, vumbi lote la sakafuni lililojificha miaka na miaka likapanda likaniingia machoni na puani. Ndege tulikuwa tumeifagia lakini vumbi la ndege nalo lina maficho yake. Nikaelewa kwa nini wanatoa hata karatasi ya peremende. Chini ya ile sakafu kuna nyaya na fito zinazovuta usukani, kitu kidogo kikikwama hapo katikati rubani anavuta stiki na stiki haiji.

Na hapa lazima niwaambie habari ya Bessie Coleman. Dada huyu alizaliwa Texas, Marekani, mwaka 1892, mtoto wa familia ya wachuma pamba, mweusi, na alipotaka kusomea urubani shule za Marekani zikamkatalia, moja kwa ajili ya rangi na pili kwa sababu ni mwanamke. Unajua alifanya nini? Akajifunza Kifaransa! Akapanda meli akaenda Ufaransa, akasoma huko, na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kuipata. Akarudi kwao akawa anafanya maonyesho ya sarakasi, watu wanajaa uwanjani kumwona, na kule Texas alikataa kuruka mpaka weusi na weupe wapitie lango moja. Alitaka kufungua shule ya kufundisha weusi wenzake kuruka. Halafu tarehe 30 Aprili 1926, huko Jacksonville, Florida, akapanda ndege kuukuu aina ya Curtiss, usukani alikuwa nao fundi wake William Wills, yeye Bessie hakujifunga mkanda kwa sababu alitaka kuchungulia nje aone uwanja, kesho yake ilikuwa aruke kutoka angani kwa mwavuli. Ndege ikainamisha pua ghafla ikapinduka, Bessie akarushwa nje akafa, Wills naye akaanguka na ndege. Walipochunguza mabaki wakakuta spana imekwama kwenye mitambo ya usukani. Spana, vijana. Mimi ninashika spana kila siku ya Mungu, na tangu nisome habari hiyo, jioni sifungi sanduku langu mpaka nizihesabu moja moja. Umri wa Bessie ulikuwa miaka 34.

Kwa hiyo mkiniambia sarakasi inaua, nakubali, inaua. Lakini angalieni inaua kupitia mlango gani. Mara nyingi haiui kwa sababu ndege imepinduliwa, inaua kwa sababu kuna kitu hakikuangaliwa au kuna mtu hakujua mpaka uko wapi.

Na anayejua, mwangalieni. Mwaka 1970, tarehe 3 Juni, Mwingereza Neil Williams alikuwa anafanya mazoezi uwanja wa Hullavington kwa sababu mashindano ya dunia yalikuwa yanakaribia kufanyika hapo hapo. Ndege yake ni Zlin, ya Czechoslovakia, ndege nzuri sana. Akiwa anaivuta kutoka chini, akasikia mshindo na ndege ikaanza kulalia upande wa kushoto, akaangalia, bawa la kushoto linakunja kwenda juu! Kiungo cha chini kinachoshika mhimili wa bawa kimekatika, chuma kimechoka. Mwavuli hana, na hata angekuwa nao yuko chini mno. Sekunde ngapi za kufikiria? Chache tu. Na katika hizo chache akakumbuka habari aliyowahi kuisikia, ya rubani wa Bulgaria ambaye kiungo cha juu kilikatika akiwa kichwa chini, na ndege iliporudi wima bawa likajirudisha mahali pake. Williams akafikiria, kwangu kimekatika cha chini, basi dawa ni kinyume chake. Akaipindua ndege kichwa chini na bawa likashuka likarudi mahali pake, kwa sababu ukiwa kichwa chini upepo unalisukuma upande wa pili na kiungo kizima ndicho kinachobeba.

Lakini sasa yuko kichwa chini na lazima atue. Injini ikazima kwa sababu alikuwa ameshafunga mafuta akijiandaa kuanguka, akafungua tena, ikawaka. Akazunguka uwanja mzima kichwa chini, akajaribu kidogo kuigeuza aone, bawa likaanza kukunja tena, akarudi kichwa chini haraka. Akaja hivyo hivyo mpaka karibu kabisa na nyasi, na nukta ya mwisho akaigeuza, bawa likakunja, ndege ikagonga chini kwa tumbo ikaburuzika. Akatoka. Akatembea kwa miguu yake! Mimi nikisoma ripoti za ajali kwa ajili ya kazi huwa zinanihuzunisha, hii ndiyo moja ninayoisoma nikisimama. Kichaa hawezi kufanya hivyo. Hiyo ni akili iliyokaa kichwa chini mara nyingi mpaka kichwa chini pakawa nyumbani.

Raha nayo ipo, sitawaficha. Mkiona rubani anashuka kwenye ndege kama Extra 300, hiyo ya Kijerumani yenye injini ya nguvu za farasi 300, iliyojengwa ihimili G 10 juu na G 10 chini, jasho linamtiririka na anacheka peke yake. G 1 ni uzito wako wa kawaida. Kijana wa kilo 60 akifika G 6 mwili unamlemea kama ana kilo 360, mkono hauinuki, mashavu yanavutwa kwenda chini, damu inakimbilia miguuni, rangi zinaanza kupotea machoni, kila kitu kinakuwa kijivu, halafu giza, na ukizidisha unazimia. Ndiyo maana wanakaza mapaja na tumbo kwa nguvu zote na kupumua kwa kukata kata, ili damu ibaki kichwani. Ukigeuza upande wa pili, damu inapanda kichwani macho yanataka kutoka. Wanapita hapo, kwenda na kurudi, ndani ya dakika chache, na katikati ya hayo yote pua ya ndege lazima isimame pale pale kwenye mstari, si nyuzi tano pembeni. Mtu anayeweza hiyo akishuka ana haki ya kucheka.

Na wanashindana kwa marks, kama mtihani. Mashindano ya dunia yalianza 1960 huko Bratislava. Kila mchezo una alama yake ya kuchora, mtindo uliotengenezwa na Mhispania José Luis Aresti, rubani anabandika kadi mbele yake yenye mistari na mishale na anaisoma akiwa amepinduliwa. Wanarukia ndani ya sanduku la hewa, kilomita moja kila upande, ukitoka nje unakatwa marks. Na kabla ya kuruka, hii naipenda sana, utawaona wakitembea uwanjani peke yao, macho nusu yamefumbwa, kiganja kimoja kimenyooshwa ndicho ndege, wanakigeuza, wanainama, wanazunguka kwa kisigino. Mpita njia atasema hawa wamepagawa. Wanaruka safari nzima wakiwa chini, mara nyingi kuliko watakavyoiruka juu.

Nimewaona vijana wa bodaboda hapo stendi wananyanyua gurudumu la mbele barabarani huku mabasi ya Mombasa yanapita. Nisikilizeni. Kulikuwa na Mmarekani, Lincoln Beachey, miaka ya 1910 hakukuwa na jina kubwa kama lake, watu kwa maelfu wanaenda kumwona. Mwaka 1913 akaacha kuruka kabisa, na sababu moja iliyomuumiza ni vijana waliokuwa wanakufa wakijaribu kumwiga. Akarudi tena mwaka huo huo alivyosikia habari za luupu ya Pégoud, na tarehe 14 Machi 1915, San Francisco, mbele ya umati, akiwa na ndege mpya, mabawa yakavunjika akiivuta, akatumbukia baharini. Aliyebobea kuliko wote, na ndege mpya asiyoizoea ikamshinda. Na kuna Ramstein, Ujerumani, mwaka 1988, ndege za kikosi cha maonyesho cha Italia ziligongana mojawapo ikaangukia watazamaji, wakafa watu 70, watatu wao wakiwa marubani. Baada ya hapo sheria za maonyesho zikakazwa, umbali wa watu ukaongezwa na michezo ya kuelekeza ndege kwa watu ikabanwa. Marubani wa sarakasi si watu wa kufanya mchezo katikati ya stendi.

Haya, sasa tumefika Voi.

Bawa linabeba ndege kwa sababu hewa inapita juu yake kwa mpangilio. Ukiinua pua kupita kiasi, hewa inaachana na bawa na bawa linaacha kubeba. Sisi tunaita stoli, na haina uhusiano wowote na injini, injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa na bado ukaanguka. Bawa moja likiacha kubeba kabla ya mwenzake ndege inaanza kushuka ikizunguka, hiyo ndiyo spini. Mwili wako wote unakuambia vuta stiki, panda juu! Na ukivuta umejimaliza. Mwaka 1912, tarehe 25 Agosti, Luteni Wilfred Parke wa Uingereza aliingia spini kwenye ndege ya Avro huko Salisbury Plain, wakati huo ilikuwa kama hukumu ya kifo. Akavuta stiki, akasukuma usukani wa mkia upande wa mzunguko, wapi. Alipoona yamekwisha akakanyaga upande wa kinyume, ndege ikaacha kuzunguka ikiwa imebaki kama futi 50 kugusa ardhi. Leo wanafundisha hivi: punguza nguvu ya injini, eleroni, yale mabamba ya nyuma ya mabawa, ziwe katikati, kanyaga pedali ya upande wa kinyume na mzunguko, sukuma stiki mbele. Mistari minne, na mistari hiyo ilipatikana kwa watu walioenda kuizunguka kwa makusudi wakaichunguza.

Hapa kwetu, tarehe 14 Mei 1931, mwindaji Mwingereza Denys Finch Hatton alipaa na ndege yake ndogo ya Gipsy Moth kutoka hapa Voi, alikuwa amekuja kujaribu kutafuta tembo kutoka angani. Ndege ikapaa, ikazunguka, ikaporomoka ikashika moto. Akafa yeye na mtumishi wake Kamau. Kilichotokea ndani ya ile ndege siwezi kuwaambia, lakini kazi yenyewe, ya kuruka chini chini, polepole, unageuka huku macho yako yako kwa mnyama, ndiyo kazi ile ile wanayofanya marubani wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mpaka leo. Mbuga za Tsavo Mashariki na Magharibi ukiziunganisha ni zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Rubani anaona kitu chini ya mgunga, labda ni mzoga, labda ni mtu, anageuka aone vizuri, anakaza kona, anavuta stiki kidogo tu, mwendo umepungua hajui, na chini hakuna futi za kujirekebisha. Huko Alaska wanakufa hivyo hivyo wakizunguka kumwangalia mnyama wao mkubwa, moose.

Na ni huko Alaska alikotoka mama mmoja, Patty Wagstaff. Alijifunza kuruka akiwa mtu mzima, mwaka 1985 akaingia timu ya sarakasi ya Marekani, na 1991 akawa mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa Marekani, wanaume kwa wanawake pamoja, akarudia 1992, akarudia 1993. Ndege yake, Extra 260, imewekwa makumbusho ya Smithsonian huko Washington. Bingwa wa namna hiyo angeweza kubaki kwenye maonyesho anapigiwa makofi. Lakini kuanzia 2001 amekuja Kenya miaka kadhaa kuwanoa marubani wa KWS, hao hao wanaozunguka juu ya tembo wetu. Anawapeleka juu kwenye kimo cha kutosha, anawaingiza kwenye spini, anawaacha waione, waihisi makalioni ndege inavyotetemeka kabla haijaanguka, halafu watoke wenyewe, tena na tena, mpaka mguu ujue pedali gani kabla kichwa hakijauliza.

Kwa hiyo ukimwona rubani wa KWS anapita chini juu ya shamba la baba yako, anageuka kwa ubavu mpaka unaona helmeti yake, ujue kuna ujuzi wa sarakasi mikononi mwake. Ule mchezo mnaouona kwenye simu ndio huo huo unaomrudisha nyumbani jioni kwa watoto wake, na mimi kama fundi nikiikabidhi ndege asubuhi kwa rubani aliyewahi kuingia spini na akatoka, naikabidhi na roho imetulia kabisa.

Mkitaka kuingia huku, shikeni fizikia na hesabu, msiogope. Wilson kuna shule za urubani na kuna karakana, na si lazima uanze kwa kiti cha rubani, gharama zake ni kubwa sana sitawadanganya. Wengi wameanzia kwenye ufundi, tunahitaji mafundi, na tunahitaji mafundi wasichana, tunao na wanafanya kazi safi. Njooni na maswali ya kweli. Mwalimu ameniambia bado tuna nusu saa, na yule dada wa kule nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja spana ya Bessie, haya mama, simama uulize.